Hatua sitini kwa dakika, Mapinga

Basi la Makumbusho kwenda Bagamoyo likishavuka daraja la Mto Mpiji, abiria ametoka Dar es Salaam na kuingia Mkoa wa Pwani, ingawa macho hayaoni tofauti yoyote. Maduka ya saruji na nondo ni yale yale, mabango ya viwanja vinavyouzwa ni yale yale, na bodaboda wamekaa chini ya mwembe kama walivyokaa wenzao Bunju. Kinachobadilika ni sauti. Ukishuka Mapinga na kuingia mkono wa kulia, upande wa bahari, dakika chache tu zinatosha kuziacha nyuma honi na ngurumo za malori. Wanabaki kunguru, jogoo wa jirani, randa ya fundi seremala na upepo kwenye minazi.

Katika kichochoro kimoja cha upande huo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kuna sauti nyingine. Ni ngoma moja nzito inayolia kila baada ya sekunde moja, bila kuchelewa wala kuwahi. Juu yake kuna chapuo, manyanga na kitu kama kengele, lakini hivyo haviko palepale. Vinakuja, vinaondoka, vinarudi kwa namna nyingine. Ajabu ni kwamba ngoma hiyo inatembea. Inaanzia kwenye nyumba yenye bati jekundu, inapita karibu na mkorosho, inasimama, inarudi. Watoto wanaokwenda shule wanaipisha na kusema, "Shikamoo babu."

"Marahaba," anajibu mzee, bila kugeuza kichwa. Anahesabu.

Familia hiyo imeomba majina yake yasiandikwe, na hayataandikwa. Mzee ana miaka sitini na kitu. Alikuwa mpigaji ngoma, si wa kulipwa mshahara, bali wa kuitwa: harusi Kerege, unyago Zinga, mdundiko wa kumsindikiza mwali kutoka nyumba hadi nyumba. Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo ambayo haipigwi watu wakiwa wamekaa. Hupigwa watu wakitembea, na mpigaji mzuri hutambulika kwa jinsi msafara mzima unavyosogea bila kukanyagana.

Mwaka jana, baada ya kupima presha, kupewa dawa, kujisikia vizuri na kuziacha, alipata kiharusi. Hadithi hii ya kuacha dawa kwa sababu mtu anajisikia vizuri inasikika karibu kila kliniki ya presha nchini, na inachosha kuirudia, lakini ndiyo iliyomwangusha. Damu ilipokatika kufika sehemu moja ya ubongo, mkono na mguu wa kushoto vililegea. Mkewe aliona mdomo umepinda na maneno yanakokoteka, akawahi kumpeleka hospitali asubuhi hiyo hiyo. Aliyefika mapema hupona zaidi. Hilo kila familia ilijue kabla halijawafika.

Akarudi nyumbani na fimbo, karatasi ya mazoezi na hasira. Wiki mbili alifanya mazoezi, ya tatu akaacha. Alikaa kwenye mkeka barazani kuanzia asubuhi hadi magharibi. Mkewe alimwogesha, alimvika, alipika, alikwenda kuuza mboga barabarani na kurudi kumgeuza. Mama huyo anasema kilichomtisha hakikuwa mguu. "Alikuwa haongei. Mtu aliyekuwa anapiga meza kwa vidole hata akila, sasa kimya. Nikajua nimebaki na kivuli."

Mtoto wao wa kiume ni fundi simu Bunju, na usiku huchanganya singeli kwa vijana wa mtaani. Singeli ni muziki wa Dar es Salaam, wa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, uliozaliwa uswahilini na ambao mwaka 2017 ulivuka mipaka kwa albamu ya Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za studio ya Mburahati na kutolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, ambao vijana walipiga kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyotoka kwenye mtumba na kupitishwa kwenye vipaza sauti vya mdomo wa tarumbeta. Kwa maneno mengine, mtoto wa Kizaramo kuichukua mashine ya watu na kuilazimisha izungumze ngoma ya kwao si jambo jipya pwani hii.

Mashine ya kijana huyu ni sikwensa. Inaitwa Digitakt, imetengenezwa na kampuni ya Elektron ya Göteborg, Uswidi, na yake ni ya mtumba, ilikuja na binamu aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Ni kisanduku kisichozidi ukubwa wa Biblia ya kanisani. Hakina muziki ndani. Kina safu nane za sauti, na kwa mbele kina vibonye 16 vilivyopangwa mistari miwili. Kila kibonye ni nafasi moja ya wakati. Ukikiwasha, sauti italia mashine inapofika hapo. Ukikizima, itapita kimya. Ikifika mwisho inarudi mwanzo. Kazi yake yote ni hiyo: kukumbuka lini apigwe nani.

Wazo la kuitumia kwa mguu wa baba lilitoka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemwona mzee kliniki. Aliwaambia wampigie makofi akitembea. Hakuwa anabuni. Tangu miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi waliofundishwa kutembea kwa kufuata pigo la sawasawa waliongeza kasi na urefu wa hatua kuliko waliofundishwa bila pigo. Utafiti wao mmoja unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 1997. Sababu yake ni kwamba ubongo hausubiri pigo lifike. Ukishasikia mapigo machache, unakisia linalofuata na kuuandaa mguu kabla. Njia ya sauti kwenda kwenye misuli inabaki wazi hata pale ambapo amri ya kawaida ya "inua mguu" inafika kwa shida.

Masharti ni machache. Pigo lianze na mwendo wa mgonjwa mwenyewe, si mwendo anaoutamani, kisha liongezwe kidogo kidogo. Mtu awe pembeni yake wa kumshika. Na daktari au mtaalamu wa viungo awe amekubali kwanza.

Walimhesabu mzee barazani kwa saa ya simu. Alikuwa anapiga hatua 60 kwa dakika. Kijana aliyezoea mapigo 250 akaishusha mashine hadi 60, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kuambiwa aendeshe lori kwa gia ya kwanza hadi Chalinze.

Sauti zenyewe hakuzitafuta mbali. Kwenye simu ya mama kulikuwa na video ya harusi ya miaka kadhaa nyuma, mzee akipiga kwa mikono yote miwili. Kijana alikata humo pigo moja la ngoma kubwa, mapigo manne ya chapuo na mtikiso mmoja wa manyanga, akavisafisha na kuviingiza kwenye mashine. Hakumwambia baba yake. Mzee aliposikia pigo la kwanza aliuliza, "Nani huyo?" Akakaa kimya. Kisha akasema, "Huyo ni mimi," akaomba fimbo.

Mambo hayakwenda vizuri kama inavyosikika. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa vibonye 16 kwa kila safu. Kwa mwendo wa 60, kila kibonye kinachukua robo ya sekunde, kwa hiyo muziki wote ulijirudia kila baada ya sekunde nne. Siku ya tatu mzee alitupa fimbo. "Mwanangu, umenifungia saa ya ukutani kichwani," alisema. Hakuna mpigaji anayerudia sekunde nne kwa nusu saa, na yeye asingetembea na mpuuzi.

Hapo ndipo kijana alipoanza kuichezea mashine kwa akili, na inafaa kueleza alichofanya, kwa kuwa hakihitaji elimu kubwa ya muziki. Safu si lazima ziwe na urefu sawa. Ngoma ya mguu aliiacha kwenye nafasi 16. Manyanga akayapa 12. Chapuo moja akaipa 7, kengele 5. Kila safu inarudi mwanzo kwa wakati wake, kwa hiyo zinaachana, zinapishana, zinakutana pasipotarajiwa. Nafasi 16 na 12 hukutana tena mwanzoni baada ya nafasi 48. Ukiongeza 7 inakuwa 336. Ukiongeza 5 inakuwa 1,680, nazo kwa mwendo ule ni dakika saba kamili. Alipoongeza chapuo ya pili yenye nafasi 11, mzunguko mzima ukawa dakika 77. Safu nyingine ya nafasi 13 ingeufikisha saa 16 na dakika 41. Mzee angeweza kutembea tangu alfajiri hadi watu walale bila kusikia mkutano ule ule mara mbili, na vyote hivyo vinatoka kwenye vibonye vinavyoenea kiganjani.

Mzee hakupewa hesabu hiyo. Aliambiwa tu kuhusu bahari, akaelewa papo hapo. Maji ya Mapinga hujaa kila siku yakichelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana, kwa sababu jua lina mzunguko wake na mwezi una wake. Miwili hiyo ikienda pamoja ni bamvua. Ikiachana ni maji mafu. Na baada ya wiki mbili hivi mambo yanarudi. Mvuvi anayejua hivyo hashangai kuona ngalawa imekaa kwenye tope saa ambayo wiki iliyopita ilikuwa inaelea.

Kijana, kwa kufurahia, akaenda mbali zaidi. Mashine hiyo inakubali kupewa shaka. Kila pigo unaweza kuliambia lilie kwa asilimia fulani: nusu kwa nusu, robo, mara tisa kwa kumi. Mapigo manane tu yenye nusu kwa nusu yanaweza kutoa mizunguko 256 tofauti. Akaweka shaka kila mahali, hata kwenye ngoma kubwa akaipa asilimia 80, akiona ndiyo itakuwa na uhai.

Asubuhi hiyo, karibu na mkorosho, pigo halikuja. Mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa tayari hewani, ukisubiri. Aliyumba kuelekea kwenye michongoma. Mkewe, aliyekuwa hatua moja nyuma yake, alimdaka kwa kiuno na wote wawili wakakaa chini mchangani. Hakuna aliyeumia. Lakini mama alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya hospitali, na kijana alizima mashine, akaifunga kwenye kanga na kuiweka juu ya kabati. Ilikaa huko siku tisa. Kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi, kuanguka si aibu ya mara moja. Nyonga ikivunjika, kitanda kinaanza upya.

Aliyeiteremsha kwa maneno ni mzee mwenyewe. Akiwa barazani alimwita kijana na kumweleza kosa lake kama anavyomweleza mwanafunzi wa ngoma. Katika mdundiko, alisema, kuna ngoma inayobeba watu na kuna ngoma zinazocheza na watu. Inayobeba haichezewi. "Zile nyingine ziache ziwe na wazimu. Ile moja, hata nyumba ikiungua, ipo."

Tangu siku hiyo ngoma ya mguu ni asilimia mia moja.

Jambo la pili alilosema mzee lilimsumbua kijana zaidi. Alidai kwamba hata chapuo zenye shaka zinasikika vibaya, kama mtu anayerusha shilingi. "Mpigaji anayebahatisha tunamfukuza. Anayesikiliza mwenzake, halafu akanyamaza, huyo tunamwacha." Kijana alirudi kwenye mashine na kukuta kwamba ina sharti hilo: unaweza kuliamuru pigo lilie endapo tu safu ya jirani imelia, au endapo pigo lililotangulia lilikubaliwa. Unaweza pia kuliambia lilie raundi moja kati ya nne. Kwa hiyo sasa chapuo ya kwanza inabahatisha, ya pili inaitikia, na kengele huja raundi ya nne tu, na si kila mara. Kilichobaki cha bahati nasibu ni kidogo, lakini kinaenea. Chapuo ya kwanza ikinyamaza, ya pili inanyamaza nayo, na kwa muda unasikika mguu wa mzee tu ukiburuta kidogo vumbi.

Wapo waliotangulia kwenye njia hizi. Mwaka 1975 Mwingereza Brian Eno, ambaye baadaye alieneza jina la muziki unaojizalisha wenyewe, alikuwa kitandani baada ya kugongwa na teksi. Rafiki alimletea santuri ya kinubi, akaiwasha kwa sauti ya chini mno, na mgonjwa hakuweza kuinuka kuipandisha. Alilala akisikiliza nyuzi chache zikichanganyika na mvua dirishani, na muziki wake ukabadilika tangu siku hiyo. Inapendeza kwamba jambo hili lilianzia kwa mtu asiyeweza kuamka.

Lakini karibu zaidi ni Uganda. Katika amadinda, marimba ya vibao 12 ya Buganda, wapigaji wawili huketi wakitazamana na kila mmoja hupiga katikati ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu huokota sauti za chini kabisa na kuzirudia kwenye vibao vya juu. Msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Gerhard Kubik wa Austria alijifunza hilo kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, na kuliandika mwaka 1960. Na ukiendelea na barabara hii hii kutoka Mapinga, kupita Kerege na Kiromo, unafika Bagamoyo alikoishi Hukwe Zawose hadi alipofariki mwaka 2003. Mgogo huyo wa Dodoma na ilimba yake kubwa alirekodi albamu ya Assembly na Michael Brook, fundi wa vyombo vya umeme, ikatoka mwaka 2002. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu ya Maisha, ngoma na zeze zikikaa jirani na mashine bila ugomvi. Mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981 umezoea kusikia mambo kama hayo. Mzee wa Mapinga aliwahi kupiga ngoma kwenye tamasha la huko, na anasema vijana wa chuoni hupiga vizuri lakini hutembea vibaya.

Tatizo la mwisho lilikuwa umeme. Mashine hii hutumia volti 12 kutoka ukutani, na waya hauwezi kufika kwenye mkorosho. Kijana alirekodi saa nzima ya muziki kwenye simu na kumpa baba yake. Siku ya kwanza safi, ya pili safi, ya nne mzee alisimama njiani. "Hapa chapuo itanyamaza," alisema, ikanyamaza. "Sasa kengele." Kengele ikalia. "Hii ni maiti. Niletee ile nyingine." Aliyesema hivyo ni mtu ambaye daktari alikuwa na wasiwasi na kumbukumbu yake.

Sasa kuna betri ndogo ya sola ya volti 12 ndani ya kapu la ukili, mashine juu yake imefungwa kanga, na spika moja. Kapu hulibeba mama, hatua mbili nyuma, upande wa kushoto. Visikizi vya masikioni walivikataa, na walifanya vyema: mgonjwa anayetembea lazima aisikie bodaboda inayokuja. Spika nayo haipandishwi hadi watu wapige kelele kuongea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza muziki kwa sauti kubwa mno, na fundi huyu wa singeli, kwa kusema kweli, alikuwa anakaribia kundi hilo. Sasa huvaa vizibo masikioni studio. Ni mama aliyemlazimisha.

Mwendo umepanda kutoka 60 hadi 63, kisha 66. Mkono wa kushoto bado haushiki kikombe. Dawa za presha zinamezwa kila jioni, na anayehesabu vidonge ni mjukuu wa darasa la tatu.

Jumamosi moja ya bamvua walipita mkorosho bila kusimama. Njia inateremka taratibu, michongoma inaisha, na mikoko inaanza. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi na wavuvi wawili walikuwa wanavuta ngalawa. Mzee alisimama pale udongo mgumu unapoishia. Kapu liliwekwa chini likiendelea kulia. Alikuwa hatembei tena, lakini kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinagusa ndara kila pigo.

Kijana aliinama kuizima ili kuokoa betri.

"Iache," alisema mzee. Chapuo ya kwanza ilikuwa imenyamaza muda mrefu kuliko kawaida. Alisubiri hadi iliporudi, ya pili ikaitikia, akageuka kuanza kupanda.